Palusami ya Mahubiri Mafupi

Kitendawili, mwenzangu! Nina tumbo la mawe ya moto, najifunika blanketi la majani, namezeshwa vibichi, na sicheui mpaka watu watoke kanisani. Mimi ni nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Apia yote na bandari yake. Ni tanuri la Jumapili. Kila nyumba hapa kijijini hulifunika kabla ya ibada na kulifunua ibada ikiisha.

Jumapili moja mjukuu wangu Fetuao aliomba apike yeye badala ya baba yake. Alikuwa amekubaliwa na shule mbili za upishi, moja Auckland, ng'ambo ya bahari, moja Apia mjini, na mwisho wa kujibu ulikuwa Ijumaa. Auckland wana majiko ya chuma yanayong'aa, na mikate ya namna ambayo sijapata kuiona. Apia wanafundisha mapishi ya hoteli, na siku mbili kwa wiki wanatoka uani kupika kwenye mawe. Baba yake, Sefo, mkwe wangu, alitaka Auckland. Mimi nilitaka Apia, maana ni mwendo wa basi moja, na jioni angerudi kulala kwangu.

Palusami, chakula chetu cha Jumapili, aliifunga vizuri: tui na kitunguu ndani ya majani machanga ya taro, magimbi yetu. Tukaenda kanisani. Siku hiyo, badala ya mchungaji wetu wa mahubiri marefu, alihubiri mgeni, na akahubiri kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Tukaimba, tukatoka. Fetuao akafunua tanuri, na sahani ya kwanza, kama ilivyo ada, ikaenda kwa mchungaji.

Sasa, majani ya taro yasipoiva hayakwambii mdomoni. Yanangoja umeze.

"Mama wee, nimemeza siafu!" Sefo akapiga kelele, anajikuna shingo. Ng'ambo ya barabara tukamsikia mchungaji naye anakohoa.

"Mke mwenzangu," nikamwuliza Fetuao, "ulijuaje kwamba chakula kimeiva?"

"Ibada ilikwisha, bibi."

"Hiyo ni ibada. Mimi nakuuliza tanuri."



"Ndiyo maana nasema Auckland!" akasema Sefo. "Huko jikoni kuna saa."

"Nawe nyamaza, baba," nikamkatiza Sefo. "Miaka yote unafunua kwa amina ya mwisho. Mwombee mchungaji wetu maisha marefu, ndiye mpishi wako."

Jumatatu, tunafagia uani, Fetuao akaniambia, "Bibi, nimewaza. Kama hata cha nyumbani sikijui, nibaki Apia nikakisomee. Ningekuwa nakijua, ningekwenda Auckland kutafuta nisichokijua."

Jibu la swali langu la tanuri nilikuwa nalo. Mama yangu alinipa nikiwa mdogo kuliko Fetuao. Kazi yangu ilikuwa kufunga mdomo mpaka Ijumaa tu, na mtoto abaki. Jumatatu nikaufunga. Jumanne nikajiambia kwamba kunyamaza si uongo. Jumatano nikamkuta amejiinamia na daftari, anaandika dakika, anafuta, anaandika tena. Nikaona haya. Bibi gani humficha mjukuu chakula cha kwao?

"Washa moto," nikamwambia. "Saa iache ndani. Kaa hapa upepo unakoelekea, fumba macho, na mimi usiniulize kitu."

Siku hiyo alifunua mapema mno, tukakohoa wote wawili. Alhamisi tukarudia. Alikaa amefumba macho, hata kuku wakamzoea, wakawa wanapita juu ya miguu yake. Mara akainuka.

"Sasa."

Tukafunua. Nikaonja, nikameza, nikangoja. Koo langu halikusema kitu.

Ningeweza kuishia hapo, nikamsifu tu na kuingia ndani. Lakini swali lilikuwa langu, na lilikuwa bado linaning'inia tangu Jumapili. Nikashika mkono wake wenye majivu.

"Umejuaje, mke mwenzangu?"

Akaniangalia, akajua ninachomwuliza, na kwamba akijibu namwachilia aende Auckland.

"Harufu ya nyasi imekwisha, bibi. Imebaki ya tui."