Samaki Wasafi wa Jumbe Alute

Watu wakisema Jumbe Alute alikuwa mchafu wanamsingizia. Mimi Dorika nimezaliwa Unyambwa na nimeolewa hapo hapo, na sijawahi kuona mtu msafi kama yule. Usafi wake ndio uliotuponza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, ile miaka ya mwisho mwisho. Maji tulichota visima vya mchangani, huko mbali. Ukitoka alfajiri unarudi jua limeshakuwa kali na shingo imezama mabegani. Ziwa Singidani lile pale, linang'aa kila siku kama linatucheka, lakini maji yake ni chumvi tupu. Basi tuliposikia serikali inataka kuchimba bwawa, wanawake tulipiga vigelegele mpaka Jumbe akatoka nje kuuliza nani ameolewa.

Bwawa lenyewe lilikuwa na sharti. Mzungu aliyekuja na habari hiyo, tukimwita Bwana Samaki, alikuwa na bwawa moja tu la kuchimba, na alitaka kulitia perege ili watu wale wapate afya. Hakujua alichimbe kwetu au huko Kiomboi. Akaleta sanduku la kioo, akatandaza mchanga chini, akapanda majani ya majini, akatia maji na perege wawili, dume na jike. Sanduku kama hilo akalipeleka Kiomboi. Ambao samaki wao watazaliana, hao ndio wanaojua kutunza samaki, na bwawa ni lao. Ukiniuliza mimi, mwenye kiu apewe maji, asipewe kwanza samaki wa kulea. Lakini nani aliniuliza?

Sanduku likakaa barazani kwa Jumbe. Bwana Samaki akatoa maelekezo mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Likae kivulini. Chakula kiwe kidogo. Kijani kikiota, futeni kioo cha mbele tu mpate kuona. Ukoga mwingine uacheni, maana watoto wa samaki wanaula na wanajificha humo. Kila neno Jumbe aliitikia ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, mpaka nikadhani yuko kanisani.

Gari lilipoondoka tu, Jumbe akataka sanduku litoke barazani likae uwanjani, juani. Alisema kivulini wapita njia hawalioni, na kitu cha serikali hakifichwi. Maji yakamwagwa, vijana wakalibeba, likajazwa upya. Waliojaza unawajua.

Halafu watu wakaanza kuja kutazama. Kwetu mgeni haachwi na njaa, na wale samaki walikuwa wageni wa serikali. Huyu kaja na unga wa uwele, yule na kiporo cha ugali. Bibi mmoja aliwamiminia maziwa ya mgando, akasema maskini, safari imewakondesha. Jumbe alipokea yote na kushukuru kwa niaba ya samaki. Jua linawaka juu, unga unaoza chini, maji yatakosaje kugeuka? Yakawa kijani. Ukoga ukashika kioo, ukashika majani, ukaning'inia nyuzi nyuzi, hata samaki wenyewe wakawa hawaonekani.

Jumbe akaacha kula. Usicheke, mimi nilimhurumia. Mwaka wa nyuma yake Bwana Shauri, ndiye mkuu wa wilaya, alimfokea mbele ya watu kwa sababu ya choo cha baraza, na tangu siku hiyo yule baba alikuwa anafagia uwanja mpaka unatoa vumbi jekundu. Na tuseme kweli, serikali ile ilitufundisha usafi mpaka tukakoma. Fagia, chimba choo, funika mtungi, ua mbu. Maji ya kufanyia usafi huo yanatoka wapi, somo hilo halikufika.

Sasa ikaja habari kwamba Bwana Shauri na Bwana Samaki watakuja pamoja kukagua. Marietha, mwenzangu tuliyekuwa tunachota naye, akachungulia sandukuni akaona ndani ya ukoga vitu vinachezacheza, vidogo kama ulezi, vina macho. Akamwita Jumbe. Jumbe akainama, akatazama, uso ukamshuka. Akasema ni viluwiluwi vya mbu. Mbu kwenye baraza yake, na Bwana Shauri yuko njiani!

Karani wake, Laurenti, akamkumbusha yale maneno ya kuacha ukoga. Jumbe akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Bwana Samaki ni mkubwa wa samaki," akasema. "Bwana Shauri ni mkubwa wa Bwana Samaki."

Hapo ubishi ukaisha. Perege wawili wakatiwa kwenye ndoo, maji yakamwagwa, majani yakang'olewa, kioo kikasuguliwa kwa majivu. Ukoga wote ukatupwa uani, na kuku wa Jumbe wakauvamia. Sijawahi kuona kuku wanagombania majani namna ile, na hata hilo halikumshtua mtu. Halafu tukaitwa wanawake tulete maji mapya.

Siku ya ukaguzi maji yalikuwa meupe kabisa. Samaki wawili wameduwaa katikati, hawana hata jani la kujisitiri. Bwana Shauri akalizunguka sanduku, akatikisa kichwa kwa furaha, akasifu uwanja, akasifu na choo. Bwana Samaki alichuchumaa mbele ya kioo muda mrefu. Alitoka Kiomboi juzi yake, na huko, alisema, sanduku lilikuwa kijani huwezi kuona mkono wako, na watoto wa samaki walikuwa tele. Akamuuliza Jumbe, wa kwako wako wapi?

"Watoto bado, Bwana," Jumbe akajibu, kifua mbele. "Viluwiluwi ndivyo vilivyokuwepo. Nimeviua vyote."

Bwana Samaki akavua kofia, akakaa kwenye ngazi za baraza. Marietha akaanza kulia pale pale, hakujificha.

Bwawa likaenda Kiomboi. Jumbe akapewa koti jeusi lenye vifungo vya shaba, kwa baraza safi kuliko zote. Na sanduku likaachwa, kwa amri ya Bwana Shauri, liwe mfano kwa wageni, maji yake yabadilishwe kila mara yasiote kijani tena. Kwa hiyo hatukupata bwawa, tukapata samaki wa kuwachotea maji. Nilikuwa nikipita pale na debe kichwani natamani kumtemea mtu mate.

Kiangazi kikaingia, visima vya karibu kidogo vikakauka, tukawa tunakwenda vya mbali zaidi, unachota kwa kikombe. Asubuhi moja Jumbe akanisimamisha njiani, nimwage debe langu sandukuni, Bwana Shauri anapita kesho. Nikatua debe. Nikaomba debe tupu nyumba ya jirani, nikalichovya sandukuni, nikalijaza. Marietha, aliyerudi na debe nusu, akachovya la kwake, na waliokuwa nyuma yetu, waliokosa maji, wakachovya.

Jumbe akaja mbio na koti lake.

"Dorika, hayo ni maji ya serikali."

"Shikamoo, Baba," nikamwambia. "Serikali iliyachota kisima gani?"

Tukawaachia samaki maji ya kuwafunika mgongo, tukaenda kupika. Akatuamuru tujaze, hakuna aliyeinuka. Akamtuma Laurenti, Laurenti akasema yeye kaajiriwa kuandika. Samaki wakaanza kuhema juu juu, na kesho ndiyo kesho. Ikabidi Jumbe Alute ashike ndoo mwenyewe.

Tulimkuta njiani jioni tulipokuwa tunarudi kutoka kisimani. Amekaa chini, koti amelivua, ndoo tupu iko pembeni, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama kisima ni pale kwenye miti.

"Bado, Baba," nikamjibu. "Hapa ni nusu ya njia."

Tukainua madebe yetu, tukampita.