Ufa Kwenye Ndevu za Babu

Fundi wa kioo aliitwa Polepole, na jina hilo alilipenda. Alimhubiria kila mteja: kioo hupashwa moto kidogo kidogo, hupozwa kidogo kidogo, la sivyo kitakuaibisha.

Nesi mmoja mstaafu alimletea kisahani cha kioo cha zamani, kipana kama kiganja, kilichomiminwa kwenye kalibu kikatoka na sura ya babu yake, ndevu na yote. Alitaka nakala, ili yeye na mdogo wake kila mmoja awe na chake. Polepole aliigandamiza nta laini juu ya sura ile apate kutengeneza kalibu mpya. Nta ikanasa kwenye ndevu. Badala ya kuitoa kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na haraka zake, akamimina maji ya moto ya birika. Ta! Ufa ukapita toka sikioni hadi kidevuni.

Nesi alipokuja, ulimi wa fundi ukamtangulia. "Mama, hiki kilikuja na ufa. Hukuuona?"

Nesi alikigeuzageuza. "Basi kilipasukia kwenye mkoba. Nisamehe fundi, nimekusumbua."

Kuombwa msamaha yeye! Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini akarudi kwenye nta yake. Wiki mbili alishughulikia nakala, na kila alipoifuta, babu alimkodolea macho.

Nesi akarudi, akaisifu kazi. "Mkoba siku ile alibeba mdogo wangu. Nimemtolea maneno yasiyorudi mdomoni. Hatusemezani."

Polepole akaiweka nakala mezani. "Mama, mdogo wako hana kosa. Ni mimi, na maji yangu ya moto. Nilikudanganya."

Nesi hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Nami nikakuomba radhi."

"Uliniomba."

"Beba vyote viwili, twende ukamwambie mwenyewe. Mimi sina uso."

Wakaenda kwa miguu. Mdogo mtu alifungua mlango nusu, mikono imejaa povu la sabuni. Polepole alisema yote pale kizingitini, macho kwenye viatu vyake. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia dada yake.

"Ukamwamini mtu baki kuliko mimi?"

Nesi akaangua kilio. Mdogo wake akamvuta ndani kwa mkono wenye povu, mlango ukafungwa.

Polepole alibaki nje na visahani viwili mkononi. Akabisha. Baada ya kitambo mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukavipokea kimoja kimoja, ukarudi ndani. Hakuna aliyemwambia asante, wala karibu.