Kila Karamu na Nyumba Yake

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lianze kufika Morogoro, nyumba za Bigwa zilianza kupata wenyewe wapya. Kabla ya hapo hakuna aliyefikiria kwamba kibanda cha miti na udongo, chini ya mlima, kinaweza kutakiwa na mtu wa mbali. Lakini Wadachi, yaani Wajerumani, wa Dar es Salaam, waliochoshwa na joto na homa za pwani, waligundua kwamba wakipanda gari asubuhi, usiku wanalala penye baridi, maji ya mlimani yakipita chini ya dirisha. Kwanza walikuja na mahema. Halafu wakapanga vyumba. Halafu wakataka kununua.

Aliyewatafutia nyumba alikuwa dalali mmoja mnene aitwaye Abasi, mtu wa pwani, mwenye kanzu isiyopata doa hata wakati wa masika. Abasi hakuwa mtu wa kupiga hodi na kuuliza bei. Alikuwa mtu wa karamu. Akisikia kuna harusi, analeta mbuzi. Akisikia kuna maulidi, analeta mchele na samli. Watu wanakula, wanacheza, wanamwombea dua. Wiki haiishi, nyumba moja imeuzwa.

Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Mwaisha binti Stambuli, mjane wa makamo aliyekaanga vitumbua barazani kwake, kando ya njia iendayo mtoni. Mtu anayekaanga vitumbua kila asubuhi huona mengi. Aliona harusi ya mjukuu wa mzee Maneno, na siku ya tano akamwona mzee Maneno mwenyewe akipita na mkeka wake kichwani, kahamia kwa mwanawe. Aliona maulidi, halafu akaona nyumba ya Fransisko ikipakwa chokaa na mafundi wageni.

Fransisko alikuwa kaka yake Paskalia. Paskalia huyu alikuwa jirani na rafiki wa Mwaisha, Mkristo wa misheni aliyelima kabichi na kuwauzia Wazungu.

"Kaka alitia alama kwenye karatasi ya Abasi sisi tukiwa ngomani," Paskalia alimwambia. "Wifi yangu Yuliana alirudi na sahani ya pilau aliyomwekea mumewe. Akakuta kitanda chake kiko nje. Shoga yangu, ukiona mtu anakulisha bila sababu, hesabu milango ya nyumba yako."

Mwaisha alicheka, ila maneno yale yalimkaa. Kila asubuhi Abasi alikuja barazani kwake, akanunua vitumbua vitatu, akaomba kahawa, akaketi. Alisifu upepo. Alisifu kivuli. Hakutaja kununua hata siku moja, na hilo ndilo lililomtia Mwaisha wasiwasi zaidi.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, ikaja kwa mama yake, ikaja kwake, kama ardhi ya Waluguru inavyopita kwa akina mama. Nyuma yake, kwenye kichaka kilichoachwa makusudi, kulikuwa na makaburi ya ukoo. Msimamizi wa yote alikuwa mjomba wake, mzee Mwinjuma, aliyeishi juu Kinole na kushuka mara mbili tatu kwa mwaka.

Mwaka huo alishuka mara tano.

Mara ya tano Mwaisha alimkuta nyuma ya nyumba, akitembea kwa hatua ndefu kutoka mtoni kuelekea makaburini, midomo ikihesabu.

"Shikamoo mjomba."

Mzee alishtuka. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba umepoteza kitu?"

"Aa, nanyoosha miguu tu. Kushuka kutoka Kinole kunakaza mishipa."

Alikaa, akala, kisha akatoa habari. Jumamosi ya wiki ya pili ukoo mzima ungekusanyika Bigwa kufagia makaburi. Kutakuwa na dua, ngoma, na chakula cha watu wote, majirani pia, Waislamu na Wakristo.

"Watu wote?" Mwaisha aliuliza. "Mbuzi watatoka wapi, mjomba?"

"Watatoka."

Mwaisha alimtazama. Huyu ndiye mjomba aliyekuwa akigawa dagaa kwa kuwahesabu. Na mkoba aliouweka pembeni ulikuwa na karatasi. Aliiona ncha yake nyeupe. Alipoinuka kumletea maji, mzee aliusogeza mkoba ule chini ya goti lake.

Siku mbili baadaye Paskalia alitoka mjini na kapu tupu, akaja moja kwa moja kwa Mwaisha bila kupita kwake.

"Nimemwona mjomba wako Bomani. Kavaa koti."

"Koti?"

"Koti. Kasimama barazani anangoja kuitwa. Na hatua kumi kutoka pale, nani? Abasi."

"Walikuwa wanaongea?"

"Sikuwaona wakiongea. Lakini watu waliokwisha kuongea nao husimama hivyo hivyo."

Baada ya hapo Mwaisha hakulala vizuri. Kila jambo dogo lilijiunga na lingine. Karatasi, hatua, koti, karamu. Alifikiria kumuuliza mjomba uso kwa uso, akaona haiwezekani. Ukimuuliza mwizi, unamharakisha. Alifikiria kwenda kwa bintiye Pili, lakini Pili alikuwa ameolewa na fundi wa reli aliyependa viatu vipya, na mara mbili mkwe huyo alikwisha kuuliza, kwa mzaha, nyumba ya mama ina thamani gani.

Basi akaenda mjini kwa Yunusi, mwandishi wa barua aliyekaa kwenye baraza ya duka la Mhindi na kuwaandikia watu shida zao. Yunusi alimpa kiti. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumpa Mwaisha kiti.

"Nataka karatasi," alisema, "inayosema nyumba yangu haiuziki na mtu mwingine."

"Nyumba ni ya nani, mama?"

"Yangu."

"Yako, au ya ukoo?"

Mwaisha alisita. Akisema ya ukoo, mwenye sauti ni Mwinjuma. "Yangu peke yangu," alisema. "Ukoo hauna neno juu yake."

Yunusi aliandika taratibu, akamsomea, na yaliyosomwa yalikuwa yale yale aliyosema. Kisha akaandika ya pili sawa na ile. "Moja yako, moja nitakuhifadhia mimi. Nyumba za udongo huungua." Mwaisha aliona hiyo ni hekima. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akabandika hapa na pale. Njiani kurudi alijihisi mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu masika alikuwa mbele ya watu wote hatua moja.

Jumamosi ikafika. Watu wa ukoo waliteremka kutoka mlimani tangu alfajiri, wanawake na vikapu vya ndizi na viungo, wanaume wakiwavuta mbuzi. Mwaisha alihesabu mbuzi watano, wote wa Kinole. Hakuona hata mmoja aliyeletwa na mtu wa Abasi. Hilo lilimsumbua kidogo, kwa sababu halikukaa sawa na mengine. Abasi mwenyewe alikuja mikono mitupu, akaketi kwenye kivuli cha jirani, akakunja miguu.

Makaburi yalifagiwa. Dua ikasomwa. Ngoma zikaanza kupashwa moto. Mzee Mwinjuma, ndani ya koti lake, alimwita Mwaisha aje asimame mbele pamoja na wanawake wakubwa wa ukoo.

"Niko sawa hapa," Mwaisha alijibu, akabaki kizingitini, karatasi yake imefungwa kwenye pindo la kanga.

Mchana akafika Mdachi mpimaji wa viwanja, juu ya nyumbu wake wa kupanda, na mkalimani wake, na watu wawili wamebeba mnyororo. Ndiyo haya, Mwaisha alijisemea. Wanauziwa mbele ya macho yangu, na pilau juu yake. Akainuka, akafungua pindo, akasogea kwa haraka akipenya katikati ya watu. Alikuwa tayari kupiga kelele.

Lakini mjomba alikuwa amekwisha kuanza kusema.

"Bwana, uliniambia Bomani kwamba huwezi kuandika ukoo usiouona. Haya, nimekuletea. Hawa ndio watu wangu, wote, wa Kinole na wa hapa. Haya ndiyo makaburi ya mama zetu. Majirani hawa, Waislamu na Wakristo, wanajua. Kuanzia mtoni mpaka kwenye kichaka ni ardhi ya ukoo. Haina mtu mmoja wa kuiuza. Iandike hivyo, ili asije mtu kesho na karatasi nyingine."

Mkalimani akatafsiri. Mpimaji akatazama makaburi, akatazama umati, akatikisa kichwa kukubali, akafungua daftari.

Mwaisha alisimama pale pale alipokuwa. Karatasi mkononi ikaanza kulowa jasho.

Ndipo Abasi alipoinuka kivulini. Alisogea kwa adabu, akasalimu, akatoa kwenye kanzu yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwaisha hakuhitaji kuelezwa ni karatasi gani. Alimkumbuka Yunusi na kiti chake.

Mkalimani aliisoma, akauliza kwa sauti, "Mwaisha binti Stambuli ni nani?"

Watu wakamgeukia.

"Hiki kidole ni chako?"

Angeweza kukana. Wino ni wino, na nani angejua? Alimtazama mjomba wake. Mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, na usoni hakuwa na hasira bado, alikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

"Ni changu," Mwaisha alisema.

"Na maneno?"

"Maneno ni yangu pia. Lakini niliyasema kwa kumwogopa mtu asiyestahili kuogopwa."

Mkalimani alimtazama kidogo, kisha akatafsiri nusu ya kwanza peke yake.

Mnyororo ukavutwa. Mawe yakachimbiwa. Makaburi na nyumba tatu za watu wengine wa ukoo vikabaki ndani. Nyumba ya Mwaisha, pamoja na ukanda wa ardhi mpaka mtoni, ikabaki nje, mali ya mwanamke mmoja. Ngoma hazikupigwa. Watu walikula kimya, wengine wakaondoka na chakula kwenye majani.

Jioni mjomba alikuja akaketi barazani. Hakugusa sahani.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Mwaisha alimweleza yote: hatua, mkoba, koti. Yaliposemwa kwa sauti yalionekana madogo sana. "Na wewe mjomba," alimaliza, akilia, "kwa nini hukuniambia?"

Mzee alionyesha kwa fimbo mahali Abasi alipozoea kuketi. "Kila nikishuka namkuta dalali hapa hapa, kikombe mkononi. Nikasema, huyu mtoto wa dada yangu anauza. Nikimwambia ninalolifanya, Abasi atajua kabla sijafika Kinole."

Mzee alilala kwa watu wengine usiku ule, na alfajiri akapanda mlima bila kuaga.

Asubuhi Abasi alikuja kama kawaida, akaketi, akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Leo sikukaanga," Mwaisha alisema. Kikaango kilikuwa kinatoa moshi mbele yao wote wawili.

Abasi alicheka. "Mama, hasira haijengi. Kuna bwana mmoja anaipenda baraza hii. Nimekwisha kumwandikia habari zake. Usipouza wewe, siku moja Mungu akikuchukua atauza binti yako. Mkwe wako ni mtu mwelewa, nimekwisha kuzungumza naye."

Alipoondoka, Mwaisha alikaa mpaka mafuta yakapoa. Alikwenda Bomani kuomba karatasi ifutwe. Akaambiwa mpimaji amekwenda Kilosa na mawe yamekwisha kupewa nambari. Alikwenda kwa Yunusi. Kiti kilikuwepo, mwenyewe hayupo. Akarudi, akamwita Paskalia.

"Nisaidie kushusha nyasi."

"Nyasi za wapi?"

"Za paa."

Paskalia alimtazama kama mgonjwa wa homa. Kisha akaelewa. Akaenda kumwita Yuliana, na Yuliana akawaita wanawake wengine. Walianza na makuti ya barazani, wakaenda kwenye nyasi, wakaenda kwenye fito. Udongo wakaubomoa kwa majembe. Nguzo ambazo babu yake Mwaisha alizichimbia wakazing'oa nzima nzima na kuzibeba, watu sita kwa nguzo, kuvuka mawe ya mpimaji mpaka ndani ya ardhi ya ukoo, ubavuni mwa kichaka. Kazi ilichukua siku nne. Hakuna aliyepika karamu. Kila mmoja alikuja na mhogo wake.

Bwana wa Abasi alishuka kwenye gari la moshi wiki iliyofuata, mwembamba, njano kwa homa, na barua mkononi iliyosifu baraza yenye kivuli. Alikuta mashimo ya nguzo na mafiga matatu. Paskalia, aliyekuwa akipalilia kabichi zake karibu, alisema hakuelewa Kidachi, lakini alielewa kabisa alichoambiwa Abasi. Bwana yule akanunua ng'ambo ya pili ya mji, kwa dalali mwingine. Kwenye ardhi ile tupu Mwaisha alipanda magimbi. Bado ilikuwa yake peke yake kwa jina, na kila mkwe wake alipokuja kumsalimu, alitembea naye mguu kwa mguu mpaka aondoke.

Nyumba mpya ilikuwa ndogo, na paa lake liliezekwa kwa haraka. Masika yalipoanza, upande wa jikoni ulivuja. Siku ya tatu ya mvua Mwaisha alisikia kishindo juu ya kichwa chake, akatoka mbio. Mzee Mwinjuma alikuwa juu ya paa, koti limelowa chapachapa, anasokota nyasi mpya.

"Mjomba! Utaanguka!"

"Shika ngazi basi."

Akashika ngazi. Maji yalimwingia shingoni. Mzee alifanya kazi muda, kisha akasema bila kutazama chini, "Nimetoka Bomani. Nimeuliza kama mtu anaweza kuirudisha ardhi kwenye ukoo. Wamesema nirudi mwezi ujao."

"Umeenda lini?"

"Leo. Nimeona nikupitie kwanza kukuambia, kabla sijamwambia mtu."

Mwaisha aliangalia koti lile. Alitaka kuuliza Abasi alikuwepo Bomani au hakuwepo. Akaona swali hilo anaweza kuliweka kando.

"Ukishuka," alisema, "kuna uji wa moto."