Askofu na Tuta la Wilf

Mume wangu Wilf alikuwa na mapafu mabovu, tuta moja la liki, na adui mmoja aliyeitwa Askofu. Mapafu aliyaharibu mgodini, miaka thelathini na moja ya vumbi la makaa. Tuta alilichimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Askofu alikuwa paka wa jirani yetu Ettie, mweusi mwenye kola nyeupe shingoni, na choo chake kilikuwa kwenye liki za mume wangu.

Huku kwetu kaskazini mwa Uingereza, kwenye vijiji vya makaa, mwanamume anapimwa kwa unene wa liki zake, zile mboga za jamii ya kitunguu zenye shina refu jeupe. Kila Septemba klabu ya wachimba makaa inafanya mashindano. Unaleta liki tatu zilizosuguliwa hadi zing'ae, mwamuzi anazizungushia utepe, na mwenye nene kuliko wote anaondoka na kombe. Kesho yake mchana liki zote zinatiwa kwenye sufuria moja na kijiji kizima kinakunywa supu. Wilf alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tisa, na mara zote tisa wa kwanza alikuwa Jossie, mume wa Ettie. Sasa Jossie alikuwa kaburini, na daktari alikuwa amemwambia Wilf kwamba kifua chake hakitahimili kuchimba msimu mwingine. Ilikuwa Septemba ile au basi tena.

Ndiyo maana paka yule alimtia wazimu. Kila alfajiri Wilf alitoka na kikombe chake cha chai kwenda kuziamkia liki, na kila alfajiri alirudi amenuna.

"Amekunya tena," alisema.

"Amefukia?"

"Amefukia vizuri kuliko mimi."

"Si umwambie Ettie?"

"Mavis, mwenzio ana msiba. Niende nikamwambie habari za mavi ya paka?"

Nikaenda mimi, kwa sababu mimi aibu zangu zilikwisha zamani. Nilimkuta Ettie amesimama uani kwake, mahali palipokuwa na tuta la Jossie. Alikuwa amelimwagia zege lote wiki moja baada ya mazishi. Alisema hawezi kuosha vyombo huku akiangalia udongo usio na mtu.

"Shoga, paka wako," nikaanza.

"Najua. Unataka nimfunge nepi?"

Nikarudi na keki aliyonifungia.

Wilf akaingia vitani peke yake. Alianza na maganda ya machungwa, Askofu akayaruka. Akafuatia na pilipili manga, lakini upepo ukaigeuza, na mtu aliyepaliwa alikuwa Wilf. Alikohoa hadi nikamshika mabega nikidhani nampoteza palepale katikati ya mboga. Siku ile nilimchukia paka yule kwa moyo wangu wote, na liki nazo pia.

Halafu sarakasi ikaja mji wa jirani. Wilf alipanda basi, akarudi na gunia la mavi ya simba magotini.

"Paka akisikia harufu ya simba harudi tena," aliniambia kwa uhakika wa daktari bingwa.

"Na mimi nikiisikia?"

"Wewe si paka."

Mtaa mzima ulifunga madirisha. Dereva wa basi alimkataza Wilf kupanda tena hadi aoge. Askofu alikuja alfajiri iliyofuata, akanusa lundo la simba, akaenda kujisaidia kwenye kona ya ukutani zilipokuwa liki tatu, kisha akarudi akalala juu ya lundo kwa sababu lilikuwa na joto.

Hapo Wilf akasalimu amri nusu. Alifunika tuta lote kwa wavu isipokuwa kona ile.

"Achukue tatu zake," alisema. "Mimi nitashindana na zilizobaki."

Kuanzia Agosti hakuniruhusu kukaribia tuta. Siku ya mashindano alitoka na kikapu kimefunikwa taulo, na uso ambao sikuuelewa. Alipofunua pale klabuni, wanaume walisogea kuangalia. Liki zile zilikuwa nene kama mkono wa mwoka mikate. Mwamuzi alizungusha utepe mara mbili kwa kutoamini macho yake, kisha akamkabidhi Wilf kombe. Mume wangu alilia mbele za watu, na mimi nikalia naye, wala sioni haya kusema.

Kesho yake tukaketi kwenye supu. Wenzake wa mgodini walimbana pande zote.

"Sema basi, ndugu. Unazinywesha bia?"

"Ni damu ya ng'ombe hiyo. Mwone anavyocheka."

"Ni bahati tu, jamani," Wilf alijibu, akiangalia meza.

Mimi nilikuwa kwenye bakuli la pili. Nikaona kijiko cha Wilf ni kikavu. Nikainua macho, nikaona na bakuli la Ettie, aliyeketi mbele yetu, limejaa hadi ukingoni.

"Ettie, mbona huli?"

"Tumbo, shoga."

Tumbo. Nikakumbuka kwamba hata Jossie, katika ushindi wake wote, hakuwahi kuonja supu ile. Sisi tulimsifu kwamba ni mtu mnyenyekevu, anawaachia wenzake.

Ettie alimwinamia Wilf, akanong'ona. "Kona ya ukutani?"

Wilf akaangalia bakuli lake. "Hiyohiyo."

"Jossie alikuwa akimwita Askofu kwa mluzi kila asubuhi, anamwonyesha pa kujisaidia. Nilipomwaga zege, maskini paka akakosa kazi."

Nikaweka kijiko chini taratibu.

"Wilf. Ulijua?"

"Nilijua tangu Agosti."

"Na ukaniacha niongeze bakuli?"

"Ulisema ni tamu."

Ettie aliangua kicheko, mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Ningewapiga wote wawili, lakini nami nilishindwa kujizuia.

Daktari hakubadilisha neno lake. Masika haya Wilf ameketi kwenye kiti cha jikoni kando ya tuta, blanketi magotini, kombe dirishani nyuma yake, ananiamrisha mimi mwenye jembe. Chimba hapa, acha pale, wewe mwanamke unachimba au unakuna udongo? Ettie ameegemea ukuta upande wa pili. Leo asubuhi alikunja midomo, akapiga mluzi wa Jossie, sauti ikamkatika, akaurudia.

Askofu akaruka ukuta, akatua kwenye kona yake.

"Mgeuzie mgongo, Mavis," Wilf akasema. "Hapendi kuangaliwa."

Nikamgeuzia mgongo.