Vidole Chini ya Taya la Nyange

...na hiyo alama chini ya taya itoe, amesema Mwalimu Zebedayo wa kundi letu la picha kwenye sauti aliyonitumia, itoe tu, inavuta jicho bure, picha imeshakuwa nzuri, usije ukaiharibu mwishoni, na sijamsikiliza mpaka mwisho kwa sababu mteja ameingia, nimeilaza simu kifudifudi kando ya kompyuta kama mtu aliyefumaniwa, ingawa hata angesikia angeelewa nini, mama wa watu katoka zake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kuja kupiga picha ya kibali, kakaa kwenye stuli mbele ya pazia, kioo cha mkononi juu ya mapaja, anapigana na kilemba chake, anauliza kwa heshima ya kwao, sasa nivue chote mukwai, au nirudishe nyuma tu, nami namjibu rudisha nyuma tu mama, masikio yaonekane, yote mawili, maneno yaleyale ya kila siku, nadhani hata nikifa nitaamka huko nikiyasema, maana hapa Tunduma mtu asiye na masikio kwenye picha havuki mpaka... na kwenye skrini Nyange ananitazama, masikio yake yote mawili nje, kidevu juu, mtulivu, ungedhani na yeye kaja kwa ajili ya kibali, na chini ya taya lake ndiyo hiyo alama, na mshale wa kipanya umesimama juu yake, kubofya tu, programu itachukua manyoya ya shingoni na kuyatandaza pale, na hakuna atakayejua kwamba paliwahi kuwa na kitu.

Ni vidole. Mwalimu haoni kwa sababu anatazama kwenye simu, kwenye simu kweli ni kama doa la tope, lakini ni vidole vya baba, nami sijamwambia, sijamwambia mtu yeyote kwenye kundi, kule mimi ni Restuta wa studio anayejifunza kupiga picha za wanyama kwa nyeusi na nyeupe, basi, hakuna anayejua kwamba ng'ombe huyu aliliwa msibani kwake nami nikaishika nyama yake kwenye sahani mpaka ikapoa... kama hivi, anauliza mama wa Nakonde, nasema bado mama, upande wa kushoto unafunika, naye anaguna, anasema haya masikio tumeyavaa tangu kuzaliwa, leo ndiyo yanatafutwa, na mimi nacheka kwa adabu, huku niko kwetu Ivuna, niko kwenye ile ardhi nyeupe ya chumvi ambako ng'ombe wetu walipenda kulamba, jua la asubuhi, simu yangu mpya mkononi, nikamwambia baba nataka kumpiga picha Nyange, akafurahi mno, akasema kumbe kuna mtu mwenye akili kwenye nyumba hii, na nilipomwambia simama na wewe akasema, mimi nina nini cha kutazamwa, mpige ng'ombe, huyo ndiye mzuri, na kweli alikuwa mzuri, mweupe mwili mzima, ndiyo maana aliitwa jina la yule ndege anayewafuata ng'ombe malishoni, ila alikuwa kainamisha kichwa kwenye chumvi yake, hana habari na mimi, nikasema kwa mazoea ya kazi, baba, mnyanyue kidevu kidogo, naye akazunguka nyuma ya bega la ng'ombe, akapitisha mkono chini ya taya, akanyanyua polepole, jinsi alivyokuwa akinyanyua kibuyu kilichojaa maziwa, na Nyange akakubali, hakukubali kwa mtu mwingine, kwake alikubali, na juu ya nundu baba akawa anachungulia, kofia imepinda, nusu ya uso, anacheka.

Anacheka, nami nikampiga, sikujua kama ninampiga. Nikarudi mjini nikamsafisha Nyange, ndivyo tunavyosema hapa studio, kumsafisha mtu, yaani kuondoa kila kilicho nyuma yake, ukuta, mlango, ndugu waliomsindikiza, abaki peke yake na masikio yake, na mkono wangu umezoea, hauniulizi, ukaondoa mti, ukaondoa zizi, ukaondoa kofia na bega na ile nusu ya uso, ukaweka nyeupe tupu, nikahifadhi juu ya ileile kama tunavyofanya kwa picha za wateja ili kompyuta isijae, halafu simu ikaibiwa sokoni, na ndiyo ikawa mwisho, na sikuwaza lolote, nilijisifu, nikaichapa kwenye karatasi ya kung'aa nikampelekea, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaitazama muda mrefu, ng'ombe mweupe juu ya weupe, hata mgongo hujui unaishia wapi, akasema, na mimi nilikuwa wapi hapa, nikasema nimekutoa baba, ulikuwa unaharibu, akacheka yule mzee, akacheka kabisa, akasema sawa, asiyekuwepo na lake halipo, ng'ombe anaonekana, inatosha... inatosha, baba, haikutosha, ungenigombeza siku ile, ungesema nirudishe, pengine simu ilikuwa bado iko, pengine ilikuwa bado, ungenifokea kama ulivyowafokea wenzako walipoingiza ng'ombe kwenye shamba la watu, lakini mimi hukuwahi kunifokea, na sasa sina hata hicho cha kukumbuka nikakasirika.

Mwanangu huyo ng'ombe ni wa kwenu, anauliza mama, kumbe amegeuka kwenye stuli anatazama skrini, kilemba kimelala mabegani, nasema ndiyo mama, alikuwa wa kwetu, anashangaa kwa lugha ya kwao, mwandi, ana macho, na hilo jicho ni kazi ya Mwalimu Zebedayo, sina budi kusema ukweli, nilipoiweka picha mara ya kwanza kwenye kundi aliandika tu, huyu ng'ombe anaomba pasipoti, watu wakajaa vicheko siku nzima, mimi nikazima simu nikalia, ila jioni akanitumia sauti, mpole, akasema Restuta, nyeupe si moja, iko nyeupe ya manyoya na iko nyeupe ya chumvi na iko nyeupe ya meno, wewe umezichoma zote zikawa moja, shusha mwanga, tafuta pumzi ya yule mnyama, na nikashusha, nikairudisha, akasema nyuma weka kijivu mwili upate kutoka, nikaweka, akasema jicho limekufa, lipe mwanga kidogo tu, usizidishe, nikalipa, kila aliposema nilibishana naye kimoyomoyo na kila nilipofanya alikuwa sahihi, nikaanza kuona mikunjo ya shingo, nikaona vumbi la chumvi limeganda puani, nikaona nzi, nzi mmoja pembeni mwa jicho, Nyange akawa anarudi, nami nikawa nasubiri, aibu hii, nasubiri na mwingine arudi, nikawa nikibaki peke yangu nashusha ile nyeupe ya nyuma mpaka mwisho, naikuza, naitafuta kofia, hadi siku nilipomuuliza Mwalimu kama aliyefutwa kwa nyeupe anaweza kupatikana tena, nikajifanya ni swali la darasa, akanijibu vizuri tu, asijue anamjibu nani, akasema kwenye kivuli mara nyingi kuna kitu, ukiuvuta kinakuja, lakini weupe mtupu umeshakuwa karatasi, usipoteze muda wako hapo.

Na kwenye kivuli kulikuwa na kitu. Alisema mwenyewe, fungua giza la chini ya taya, ng'ombe aonekane na koo, nikafungua, na vikaja vidole, polepole, vyeusi juu ya weupe, vimejikunja kwa upole kwenye mfupa wa taya, na kidole cha mwisho kile chenye kucha iliyopasuka, iliyopasuliwa na jembe akichimba chumvi, ikaota vibaya, mama alikuwa akimtania kwamba ndiyo kitambulisho chake... kitambulisho, nacho hicho, msibani shangazi alitaka picha, akanitazama mimi, mpiga picha wa ukoo mzima, hana picha ya baba yake, akasema kwa watu wote, kinyozi hajinyoi, watu wakaguna, tukakuza ile ya kwenye kitambulisho, uso umekaza, macho yamemtoka kama anashitakiwa, na mama akaitazama akasema, huyu mtu wa serikali mimi simjui, akaifunika kwa kanga, akakaa nayo hivyo mpaka maziko yakaisha, na wiki hii kanipigia, misa ya kumkumbuka baba yako imekaribia, Restuta, utaniletea picha, sauti yake haiombi, imekwisha kuamini, nikasema naileta mama, inakuja, nikakata simu nikamrudia Nyange nikaongeza weusi wa pua, kama vile pua ndiyo iliyokuwa imeombwa.

Na leo mchana ndio mwisho wa kupokea picha za maonyesho ya kundi, zitachapwa kubwa zitundikwe Vwawa, Mwalimu anasema yangu imo, ikisafishwa hiyo alama imo, na ninataka itundikwe, Mungu anajua ninataka, ninataka watu wasimame mbele ya Nyange wanyamaze, baba alisema mpige ng'ombe, basi si ndiyo hii heshima yake, ng'ombe anaonekana, inatosha, na Mwalimu hakosei, picha bila vidole ni nzuri zaidi, nimejaribu, nimefuta nikatazama nikarudisha, jicho halitangitangi, unamwona ng'ombe tu amesimama mwenyewe kwa fahari, kidevu juu, ni nzuri na ni uongo, Nyange hakuwahi kusimama hivyo mwenyewe, angekuwa ameinama kwenye chumvi... nani kamshika, anauliza mama wa Nakonde, nasema nini mama, anasema huyo ng'ombe, kuna mtu kamshika hapo chini, si unaona, ni mwenyewe huyo, mgeni hashiki hivyo, angekuwa mgeni ng'ombe angetoa macho, anakivuta kilemba chake mabegani, anasema, sisi kwetu Nakonde tumefuga, mimi najua, nani huyo, nami, mkono uko kwenye kipanya, nasema, baba.

Ni baba yangu, nasema tena, na mama wa Nakonde anauliza, ooh, bado yupo, na mimi natikisa kichwa, naye hasemi pole, anatikisa kichwa na yeye, anarudi kutazama kioo chake, na neno limebaki hapa ndani ya studio, baba, kati ya pazia na printa, na ni ajabu, nimeitazama picha hii miezi na miezi nikiisahihisha na sijawahi kuiita jina lake, nimekuwa nikisema picha ya ng'ombe, ng'ombe wangu, Mwalimu mtazame ng'ombe wangu, na yule mgeni hata viatu hajavua kaona mtu, na mtu huyo ndiye pekee ambaye mama yangu anamtaka, mama hakuomba uso, aliomba picha, ataiweka mezani mbele ya padri na atakigusa kile kidole chenye kucha mbovu, namwona kabisa anavyokigusa, na atamtania, au hatamtania, atalia, na mimi nitakuwa hapo, nitamwambia kofia ilikuwa wapi na alivyokuwa akicheka, nitamwambia nilimtoa mimi... Mwalimu, asante, hukukosea, ila hii haitaki kuwa nzuri zaidi, waambie Vwawa watundike ya mwingine, naondoa mshale juu ya vidole, navuta kivuli kidogo tena, kidogo tu, nisizidishe, na vinakuja, viungo, mishipa, chumvi kwenye kucha, na mkono unaishia pale nilipoukata, kwenye nyeupe, na machozi yananitoka na sina haja ya kuyaficha kwa kuwa mteja ana kioo chake.

Tayari mukwai, anasema, masikio haya hapa, nasimama, nachukua kamera, namtazama kupitia kioo cha lenzi, kilemba nyuma, masikio nje yote mawili, lakini kaangalia chini, wote huangalia chini wakiona kamera, nami namwambia, mama, nyanyua kidevu kidogo, na ananyanyua, mwenyewe, hakuna mtu nyuma yake, nyuma yake ni pazia tu.