Hema la Kaka

Mimi ndiye mtunza kambi hii ya ziwani, juu kabisa mlimani, na habari za mizimu sizitaki. Kila asubuhi nakunja mahema. Baridi ya huku haifichi kitu: hema lililolaliwa huloa pumzi kwa ndani, lisilolaliwa huwa kavu.

Kaka yangu alizama ziwani humu, hakuopolewa. Kila mwaka mkewe hunilazimisha nimsimamishie hema.

“Akirudi alale wapi?” husema.

Nanung'unika, nalisimamisha, nalifunga zipu mwenyewe.

Leo nimelifungua nilikunje. Blanketi lilikuwa kama nilivyoliacha. Nikainama kuingia, matone yakanidondokea shingoni. Kitambaa chote kilikuwa kimeloa.

Nikafunga zipu polepole.

“Mbona hulikunji?” mke wa kaka aliuliza nyuma yangu.

“Punguza sauti, shemeji,” nikamnong'oneza.