Mara ya Pili, Mlango Umerudishiwa

"Filamu ile ile! Humo ndani kuna nini, au kuna nani?"

"Mara ya pili ndiyo tamu, mama watoto. Niache basi."

"Juzi tuliitazama wote ukasema ya kawaida tu. Huo utamu umeingia lini?"

Mume, fundi wa magari, aliigeukia televisheni. Mkewe akarudi jikoni kugombana na sufuria.

Ilikuwa hivyo miezi sasa. Familia ikitazama filamu, mumewe hukaa kama mgeni msibani, akicheka wengine wakishamaliza kucheka. Jumamosi watoto wakienda kwa bibi yao, huirudia peke yake, mlango ameurudishia, na hapo hucheka mpaka machozi. Tena simu ikiita haipokei. Huikata, akaandika ujumbe.

"Ana mtu," mke aliambiwa na dada yake bila kupepesa macho. "Wanatazama pamoja, kila mmoja kwake, wanaandikiana."

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka kumi na minane ya ndoa! Leo angeujua ukweli, na akiwepo huyo mwanamke, fundi atahamia gereji na boksi lake la spana.

Alivua kandambili, akanyata hadi sebuleni. Simu ya mumewe ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Kwenye kioo cha televisheni baba na mwana walikuwa wakibishana, na chini ya picha yalipita maandishi, neno kwa neno yale waliyoyasema. Watoto huyazima maandishi hayo, husema yanaziba picha. Mumewe aliyafuata kwa macho, midomo ikicheza kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

Akasimama nyuma ya kochi.

"Baba watoto."

Fundi hakugeuka.

"Baba watoto, nimepata mume mwingine. Anakuja kunichukua saa kumi."

Fundi akacheka, akajipiga paja. Baba wa kwenye filamu alikuwa ameanguka matopeni.

Mkewe alishika mgongo wa kochi. Huyu ndiye mtu ambaye gereji nzima humwita Daktari, kwa kuwa hutega sikio tu injini ikiunguruma, akataja kinachoiuma. Na wiki iliyopita alifungua injini nzima, kumbe kilicholia ni mkanda wa feni tu. Alirudi nyumbani akimlaumu mteja, naye mke akaitikia, "Wateja bwana!"

Alizunguka mbele, akazima televisheni.

"Tangu lini?" Alilitamka polepole, uso kwa uso.

Fundi alimtazama sana. "Tangu mwaka jana. Mara ya kwanza naona nyuso tu, mke wangu. Mara ya pili ndiyo napata hadithi." Akashusha macho. "Usiwaambie wa gereji. Fundi kiziwi nani atampa gari?"

"Na fundi anayefungua injini ya watu kwa sababu ya mkanda, nani atampa? Mimi kichwani nimeshakuozesha mwanamke, najua hadi saizi ya viatu vyake!"

"Mwanamke gani?"

"Vaa viatu. Kliniki ya masikio inafungwa saa tisa."

"Jumatatu basi."

Mke alikwenda jikoni. Alizima jiko, akamletea viatu, akafunga mlango nyuma yao. Saa nane na robo walikuwa kwenye benchi la kliniki, na muuguzi alipoita jina la fundi, mkewe ndiye aliyeinua mkono.